Kilemba cha dola milioni 30: uchambuzi wa mauzo ya Voice.com

Mwishoni mwa Mei 2019 kampuni ya programu za kompyuta ya MicroStrategy, yenye makao yake katika jimbo la Virginia nchini Marekani, iliiuzia kampuni ya Block.one jina moja la kikoa, yaani anwani ya tovuti kwenye intaneti, Voice.com, kwa dola milioni 30 taslimu. Jina hilo halikuambatana na biashara yenye wateja, wala programu, wala wafanyakazi. Kilichohama mkono ni herufi tano na kile kiambishi cha .com kinachozifuata. Kwa kiwango cha kubadilisha fedha cha siku zile, kiasi hicho kilikaribia shilingi bilioni 69 za Tanzania. Tarehe 18 Juni mwaka huohuo MicroStrategy iliyatangaza mauzo hayo hadharani, na kwa jinsi watu wa soko hili wanavyoweka kumbukumbu zao, yakahesabiwa kuwa mauzo makubwa kupita yote ya jina tupu, kwa fedha taslimu, yaliyowahi kuwekwa wazi hadi wakati huo.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu ndicho kinachotajwa kila mara mtu anapotaka kumshawishi mwenzake anunue majina ya vikoa, au domeni kama tunavyozoea kusema, ayahifadhi na kusubiri tajiri aje kubisha hodi. Bei inatajwa, mazingira ya bei hayatajwi. Rai yangu, baada ya kuipitia hesabu yake kwa utulivu, ni kwamba dola milioni 30 zilitokana zaidi na hali ya mnunuzi mmoja, fedha alizokuwa nazo na siku aliyokuwa amejiwekea, kuliko uzuri wa neno lenyewe. Na kwamba upande wa pili alikuwapo muuzaji ambaye hakuwa na shida yoyote ya kuuza.

Kwanza tuelewane juu ya kitu kilichouzwa. Anayefahamu biashara ya fremu za maduka za Kariakoo, Dar es Salaam, hatapata taabu hapa. Mfanyabiashara anayeitaka fremu iliyoko kwenye mtaa wenye watu hawezi kwenda moja kwa moja kwa mwenye nyumba, kwa kuwa ndani tayari yumo mpangaji. Humfuata mpangaji huyo, wakapatana kilemba, na baada ya kukitoa anaingia na kuendelea kumlipa mwenye nyumba kodi kama kawaida. Kilemba hakimfanyi kuwa mwenye nyumba. Kinamfanya kuwa mpangaji mahali ambapo mwingine alitangulia kukaa. Majina ya vikoa yanakwenda kwa utaratibu huohuo. Hakuna anayelimiliki jina la .com kama anavyomiliki kiwanja chenye hati: mtu hulisajili kwa muda wa mwaka mmoja hadi kumi, na haki yake kubwa ni ya kuhuisha usajili kabla haujaisha. Masjala ya majina yote ya .com inaendeshwa na kampuni ya Verisign, kwa mkataba na ICANN, shirika lililoundwa mwaka 1998 kusimamia mfumo wa majina na namba za intaneti. Mwaka 2019 Verisign ilikuwa ikiwatoza wasajili, yaani makampuni yanayowasajilia wateja majina, dola 7.85 kwa kila jina kwa mwaka, na msajili akaongeza chake kidogo kabla ya kumtoza mteja. Kiasi hicho hakipandi kwa sababu jina ni tamu. Voice.com ilikuwa ikilipiwa dola zilezile 7.85 zinazolipiwa jina la herufi thelathini lisilosomeka, na inaendelea kulipiwa sawa na majina mengine yote ya .com hata baada ya kuuzwa. Dola milioni 30, basi, zilikuwa kilemba. Kwa kodi ya mwaka 2019 zingetosha kulilipia jina hilo kwa zaidi ya miaka milioni 3.8.

Mpangaji aliyekipokea kilemba hicho ana historia inayostahili kusimuliwa kwa urefu, kwa sababu ndiyo inayoeleza kwa nini aliweza kungoja. MicroStrategy ilianzishwa mwaka 1989 na Michael Saylor pamoja na Sanju Bansal, na kazi yake ilikuwa kutengeneza programu za kuchambua takwimu za makampuni. Hadi Septemba 1995 kusajili jina la .com kulikuwa bure; kuanzia hapo kampuni ya Network Solutions, iliyokuwa ikiendesha masjala wakati huo, ikaanza kutoza dola 100 kwa miaka miwili. Watu wengi waliona huko ni kutupa fedha tu kwa kitu kisichoshikika. Saylor aliona vingine. Katika miaka ile ya mwanzo ya intaneti kampuni yake ilikusanya ghala la maneno ya kawaida ya Kiingereza na majina ya watu: Voice.com, Alarm.com, Angel.com, Hope.com, Wisdom.com, Strategy.com, Michael.com, Mike.com, Emma.com, na mengine ya aina hiyo. Ni maneno ambayo mtoto wa shule ya msingi anayesoma Kiingereza ameshayajua, na ndiyo maana hayahitaji kuandikwa kwenye karatasi ili yakumbukwe.

Baadhi ya majina hayo hayakuachwa yakae bure. Juu ya Alarm.com ilijengwa biashara ya kulinda nyumba kwa mitambo inayounganishwa na intaneti, na juu ya Angel.com ikajengwa huduma ya kupokea simu za wateja kwa sauti iliyorekodiwa na kuongozwa na kompyuta. MicroStrategy iliiuza Alarm.com mwaka 2009 kwa takriban dola milioni 28, na Angel ikauzwa kwa kampuni ya Genesys mwaka 2013 kwa takriban dola milioni 110. Naomba msomaji asimame kidogo kwenye mauzo ya Alarm.com. Pale lilikwenda jina pamoja na biashara nzima, yaani mitambo, mikataba, wateja wanaolipa kila mwezi na wafanyakazi waliokwisha kuizoea kazi, na vyote hivyo kwa jumla vilileta fedha pungufu ya zile zilizokuja kuletwa, miaka kumi baadaye, na Voice.com isiyokuwa na kitu ndani. Kama bei ya jina ingekuwa inapimwa kwa kile ambacho jina hilo linaingiza, mpangilio huo usingewezekana kabisa.

Katikati ya miaka hiyo kampuni ilipita kwenye dhoruba. Tarehe 20 Machi 2000 ilitangaza kwamba hesabu zake za miaka iliyotangulia zilipaswa kurekebishwa, na kwa siku hiyo moja hisa zake zikaporomoka kwa zaidi ya asilimia 60. Biashara tanzu iliyokuwa ikiitwa Strategy.com, ambayo ilikusudiwa kuwapelekea watu habari na takwimu kwa barua pepe na simu, ilifungwa mwaka 2001. Kampuni iliyofikwa na hali ile huuza samani zake, hupunguza watu, hurudisha ofisi za kupanga. Majina ya vikoa yalibaki, na sababu yake haina maajabu: ghala lenye majina mia moja lilikuwa likigharimu kwa mwaka pungufu ya mshahara wa mwezi mmoja wa mhandisi mmoja. Mali nyingine zote zinazongojewa zipande bei zinamtafuna mwenye nazo. Nyumba inavuja, shamba linaota magugu, gari linashika kutu, na dhahabu inataka mlinzi. Jina la kikoa linataka tarehe ya kuhuisha isisahaulike, na barua pepe ya kikumbusho imfikie mtu anayehusika. Kwa takriban miaka ishirini MicroStrategy haikuisahau tarehe hiyo.

Hilo la tarehe si dogo, na nalisema kwa uchungu kwa kuwa limenifika. Kazi yangu ni kuwasaidia wafanyabiashara wadogo kuweka tovuti, na mmoja wao, mwenye nyumba ya wageni ya vyumba tisa upande wa mashariki wa Unguja, alikuwa na jina zuri la .com ambalo wageni wa Ulaya walilijua. Vikumbusho vya kuhuisha vilikuwa vikienda kwenye anwani ya kijana aliyekuwa ameshaacha kazi pale. Usajili ukaisha. Baada ya jina kufutwa kwa msajili hubaki siku 30 ambazo mwenyewe bado anaweza kulikomboa kwa ada kubwa zaidi, kisha siku 5 za mwisho ambazo hakuna anayeweza kuligusa, halafu linaachiwa. Na kwa majina yenye mvuto huwapo programu za kompyuta zinazoyavizia sekunde ileile yanapoachiwa. Mama yule alinipigia simu wageni walipoanza kumwuliza kwa nini tovuti yake inatangaza kamari. Mimi niliyemjengea tovuti nilipaswa kuuliza mapema ile anwani ya barua pepe ni ya nani, sikuuliza, na lile jina halikurudi. Ndiyo maana ninapoambiwa kwamba Saylor alikuwa na bahati kwa kusajili mapema, nakubali nusu. Wapo wengi waliosajili mapema kama yeye, na majina hayakubaki mikononi mwao.

Tuje kwa mnunuzi. Block.one ilisajiliwa katika Visiwa vya Cayman na kuongozwa na Brendan Blumer, huku Dan Larimer akiwa mkuu wa upande wa teknolojia. Kati ya Juni 2017 na Juni 2018 iliuza kwa umma tokeni, yaani sarafu za kidijitali, zilizoitwa EOS, na katika mwaka huo mmoja ikakusanya takriban dola bilioni 4, kiasi ambacho hakuna mauzo mengine ya tokeni ya aina ile yaliyokuwa yamekifikia. Kuanzia hapo kampuni ilikuwa na mzigo wa aina yake: fedha nyingi kuliko shughuli, na umati wa wanunuzi wa tokeni waliotaka kuona fedha zao zimefanya nini. Tarehe 1 Juni 2019, mwaka mmoja kamili baada ya mauzo ya tokeni kufungwa, ilifanya hafla mjini Washington na kutangaza kwamba inaanzisha mtandao wa kijamii, na kwamba mtandao huo unaitwa Voice.

Hapo ndipo kiini cha kisa kilipo. Mauzo ya jina yalikamilika siku chache tu kabla ya hafla. Mtandao wa kijamii unaoitwa Voice, uliokusudia kushindana na majitu ya Marekani kwa kuahidi kwamba kila anayeandika ni mtu halisi aliyethibitishwa na si programu inayojifanya mtu, usingeweza kutangazwa kwa heshima mbele ya ulimwengu huku Voice.com ikiwa mkononi mwa mwingine. Wengi wangeandika anwani hiyo usiku uleule. Kama jina lingekuwa bado halijapatikana siku ya kutangaza, muuzaji angesoma tangazo pamoja na watu wengine, na bei ya milioni 30 ingegeuka kuwa bei ya kuanzia. Mnunuzi alipaswa kufunga biashara kabla ya kupanda jukwaani, na kila siku iliyopita ilimpunguzia nguvu ya kusema hapana.

Je, njia nyingine zilikuwapo? Zilikuwapo, na hazikuwa mbaya. Angeweza kuongeza neno mbele au nyuma ya Voice na kulisajili kwa dola kumi, kama kampuni nyingi changa zinavyofanya. Facebook yenyewe ilianza ikiwa na neno la ziada mwanzoni mwa anwani yake. Angeweza kutumia kiambishi kingine badala ya .com. Angeweza pia kutunga neno jipya lisilo na mwenyewe, na hii kwa maoni yangu ingekuwa njia bora kuliko zote, kwa sababu neno la kutunga haligombaniwi na mtu. Lakini kila moja ya njia hizo ingemgharimu kitu ambacho Block.one ilikuwa na upungufu nacho, yaani muda wa kuaminika taratibu. Kampuni iliyokusanya mabilioni kabla ya kutoa bidhaa inayotumiwa na watu wa kawaida ilihitaji ishara ya kuonyesha kwamba haina mzaha, na anwani ya neno moja ni ishara inayosomeka papo hapo.

Kisha kuna hesabu ya mfuko. Dola milioni 30 katika dola bilioni 4 ni robo tatu ya asilimia moja. Ni sawa na mtu mwenye akiba ya shilingi milioni 4 kutoa shilingi 30,000 kwa ajili ya kibao cha duka. Kwa mtazamo wa mezani kwake, tofauti kati ya kulipa milioni 10 na kulipa milioni 30 haikuwa tofauti ya kufa na kupona, ilhali kulikosa jina siku ya hafla kungekuwa aibu isiyofichika. Kuna kipimo kingine kinachonisaidia kuuona ukubwa wa mfuko huo: tarehe 30 Septemba 2019, miezi minne baada ya kununua jina, Block.one ilikubali kulipa faini ya dola milioni 24 kwa Tume ya Dhamana na Masoko ya Marekani, ili kumaliza shauri la kuuza tokeni zake bila kuzisajili kama sheria inavyotaka. Adhabu ya serikali kwa mauzo ya mabilioni ikawa ndogo kuliko bei ya jina la mtandao.

Jambo hili la bei kufuata hali ya mnunuzi limewahi kuonekana kwingine. Mwaka 2007 kampuni ya HomeAway, ya kupangisha nyumba za mapumziko, ililinunua jina la VacationRentals.com kwa dola milioni 35, na mkuu wake alieleza baadaye kwamba kusudi lilikuwa mshindani wake, Expedia, asilipate. Aliyelipa alilipia utulivu wa moyo wake. Mwaka 2010 Facebook ilitoa dola milioni 8.5 kwa FB.com, lililokuwa mikononi mwa shirikisho la wakulima wa Marekani, ambao kwao herufi hizo mbili zilimaanisha ofisi ya mkulima na hazikuwa na uhusiano wowote na mitandao ya kijamii. Wakulima wale hawakulifanya jina liwe ghali. Liligeuka ghali kwa sababu kwingineko kulizaliwa kampuni yenye herufi zilezile na hazina iliyojaa.

Upande wa sheria muuzaji wa Voice.com alikuwa mahali salama, na hili ningependa vijana wetu walizingatie kuliko hata bei. Tangu 1999 ICANN ina kanuni za usuluhishi ambazo kwazo mwenye alama ya biashara anaweza kumnyang'anya mtu jina la kikoa, endapo ataonyesha mambo matatu kwa pamoja: kwamba jina linafanana na alama yake kiasi cha kuwachanganya watu, kwamba aliyelisajili hana haki wala maslahi halali juu yake, na kwamba alilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Mashauri mengi ya aina hiyo husikilizwa kupitia WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la haki za ubunifu lililoko Geneva, na ada ya kufungua shauri la jina moja hadi matano mbele ya msuluhishi mmoja ni dola 1,500. Neno la kamusi kama Voice, lililoshikwa kwa sababu ya maana yake ya kawaida, ni vigumu sana kunyang'anywa kwa njia hiyo. Jina la benki, la kampuni ya simu au la kiwanda cha soda, hata kama limeachwa wazi kwa bahati, ni habari nyingine kabisa. Mwenye kampuni atatoa dola 1,500 zake na kulichukua, na aliyekuwa akingoja kilemba atakuwa amepoteza ada ya usajili na huenda na jina lake jema. Nimekutana na vijana watatu au wanne wenye bidii na akili nzuri ambao akiba yao yote imelala katika majina ya aina hiyo, wakiamini kwamba wanafanya alichofanya Saylor.

Makabidhiano yenyewe, kwa kitu cha thamani hiyo, ni ya haraka ajabu. GoDaddy, msajili mkubwa kupita wote duniani, ndiye aliyekuwa dalali wa biashara hii. Kwa utaratibu wa kawaida wa soko, fedha huwekwa kwanza kwa mtu wa tatu anayezishika kama amana. Muuzaji akishaziona zipo, analifungua jina lililokuwa limefungwa kwa msajili wake na kutoa neno la siri la kulihamisha, au kama pande zote mbili zina akaunti kwa msajili mmoja, analisukuma kutoka akaunti moja kwenda nyingine kwa dakika chache. Mnunuzi akithibitisha kwamba jina limeingia kwake na linaonekana hivyo kwenye kumbukumbu za usajili, mshika amana anaachilia fedha. Hakuna lori, hakuna ghala, hakuna bandari. Kinachobadilika ni mistari michache kwenye kumbukumbu za msajili inayosema nani ameshika jina na barua pepe yake ni ipi. Ndiyo maana dalali ana umuhimu mkubwa hapa kuliko hata katika nyumba na viwanja, kwani mara nyingi kazi yake ya kwanza ni kumficha mnunuzi. Muuzaji anayeulizwa bei na mtu asiyejulikana hutaja bei ya mtu asiyejulikana.

Inafaa pia kuuliza kwa nini tunaijua bei hii hata kidogo. Mauzo mengi ya majina ya bei ya juu hufungwa kwa mkataba unaozikataza pande zote kutaja kiasi. Hapa muuzaji ni kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa la Nasdaq, na kwa kampuni ya ukubwa wake faida ya zaidi ya dola milioni 29 katika robo moja ya mwaka kutokana na kitu kimoja haiwezi kukaa nje ya taarifa za fedha. Kwa hiyo Voice.com ilitufikia kwa sababu ya sheria za masoko ya mitaji. Picha tunayoipata ya soko zima imepinda kwa sababu hiyohiyo: yanaonekana mauzo ya makampuni yaliyolazimika kusema, pamoja na ya watu wanaotangaza wenyewe kwa kuwa ushindi wao unawaletea wateja, na hayaonekani kabisa mamilioni ya majina yanayohuishwa mwaka baada ya mwaka bila hata mtu mmoja kuulizia. Wenye uzoefu katika biashara hii husema kwamba katika ghala la majina mia moja yaliyochaguliwa kwa uangalifu, kuuza moja au mawili kwa mwaka ni mwendo wa kawaida. Kwa ada ya dola kumi kwa jina, mtu huyo anatoa dola 1,000 kila mwaka kabla hajaona senti. Ni biashara halali na wapo wanaoishi kwayo, lakini ni biashara ya subira ya mkulima wa minazi, na anayeiingia kwa fedha za ada ya mtoto anajiweka katika hali ileile iliyomfanya mnunuzi wa Voice.com asiweze kusema hapana.

Kuhusu lugha nitasema machache. Voice kwetu ni sauti, na sauti ni neno zuri kuliko lile kwa masikio yangu. Lakini kilemba hufuata wapita njia, na wapita njia wa mtaa wa .com wenye mifuko mizito wengi wao wanafikiri kwa Kiingereza. Siku ambapo kampuni kubwa ya huduma za fedha au habari itajengwa kwa ajili ya wasemaji wa Kiswahili kuanzia Dar es Salaam hadi Bukavu, na ikawa na hazina yake na siku yake ya hafla, neno la Kiswahili nalo litakuwa na mnunuzi mwenye haraka.

Voice yenyewe haikuishi kwa kadiri ya jina lake. Ilifunguliwa kwa majaribio nchini Marekani tarehe 14 Februari 2020, ikiwataka watumiaji wajithibitishe kwa vitambulisho, na mwezi uliofuata Block.one ikatangaza kuitengea dola milioni 150 ili isimame kama kampuni ya pekee. Watu hawakuja kwa wingi uliotarajiwa. Larimer aliondoka Block.one, jambo lililojulikana Januari 2021, na mwaka huohuo Voice ikaacha kuwa mtandao wa kijamii na kugeuka soko la NFT, yaani hati za kidijitali za umiliki wa picha na kazi za sanaa. Mwaka 2023 ikatangaza kufunga. Anwani ilikuwa bora kuliko anwani ya mtandao wowote wa kijamii uliokuwapo, na haikuweza kufanya kazi ambayo ni ya bidhaa.

MicroStrategy kwa upande wake ilianza mwezi Agosti 2020 kununua bitkoini, kwa dola milioni 250 za mkupuo wa kwanza, na mwelekeo wake wote ukabadilika, hata Hope.com, iliyokuwa imetulia ghalani miaka yote ile, ikafanywa mahali pa kuwafundishia watu habari za sarafu hiyo. Tarehe 5 Februari 2025 kampuni ilitangaza kwamba inaondoa nusu ya kwanza ya jina lake na kuanzia hapo itaitwa Strategy. Haikuhitaji dalali, wala mshika amana, wala kumficha mnunuzi. Strategy.com ilikuwa imebaki mkononi mwake tangu ile biashara tanzu ilipofungwa mwaka 2001, ikihuishwa kwa ada ya kawaida.